Gwihyang: Marthia ya Mabinti Wasio na Kaburi

Mkorea akilisikia neno gwihyang, maana inayomjia kwanza ni kurudi kwao, yaani msafiri kuirejea ardhi aliyozaliwa. Lakini silabi ya mwanzo ya neno hilo, ikiandikwa kwa hati ya Kichina ambayo Wakorea waliitumia kwa karne nyingi, yaweza kuandikwa kwa alama mbili zenye matamshi mamoja: moja maana yake ni kurejea, na ya pili ni roho ya mfu. Muongozaji Cho Jung-rae, alipoipa jina filamu yake iliyotoka tarehe 24 Februari 2016, aliichagua alama ya pili. Wapenzi wa ushairi wa Kiswahili hawahitaji kufafanuliwa mbinu hiyo. Ni jinasi, na ni jinasi chungu, kwani wanaorudi ni wale ambao hawakurudi. Atakayeihakiki kazi hii kwa insafu hana budi kuanzia kwenye jina lake, maana humo ndimo yalimo makusudio ya mtunzi. Hakutaka kusimulia habari ya vita tu. Alitaka kuomboleza, na maombolezo yana kanuni zake.

Kisa chenyewe kimegawika nyakati mbili. Wakati wa kwanza ni mwaka 1943, Korea ikiwa chini ya utawala wa Japani uliowekwa tangu 1910. Kule Geochang, kusini mwa nchi, binti wa miaka 14 aitwaye Jung-min anachukuliwa na askari mikononi mwa wazazi wake. Anapakiwa kwenye gari moshi pamoja na mabinti wenziwe na kufikishwa Mudanjiang, katika Manchuria. Njiani anafanya usuhuba na Young-hee, ambaye amemzidi umri kidogo. Huko wapelekwako pana nyumba ya vyumba vidogo vidogo, na mlangoni mwa kila chumba pana askari wanaongoja zamu. Wakati wa pili ni mwaka 1991. Bibi kizee mmoja, anayeigizwa na Son Sook, anaishi peke yake na siri aliyoifungia kifuani kwa karibu miaka hamsini. Anakutana na Eun-kyung, kijana wa kike aliyenajisiwa na kufiwa na baba yake, ambaye sasa analelewa na mganga wa Kikorea, mudang. Eun-kyung anakuwa kiti cha roho ya yule aliyebaki Manchuria, na kilele cha filamu ni ngoma inayochezwa ili kuziita roho zirudi kwao.

Nyuma ya kisa hiki pana historia isiyokuwa ya kubuni. Vituo vya aina hiyo vilianzishwa na jeshi la Japani Shanghai mwaka 1932, vikaenea baada ya vita na China kupamba moto mwaka 1937, na hatimaye vikafuata jeshi hilo kila lilikokwenda, kutoka Manchuria hadi visiwa vya Pasifiki. Walioingizwa humo walikuwa mabinti wa Kikorea, Kichina, Kitaiwani, Kifilipino, Kiindonesia na hata Waholanzi waliokamatwa Java. Idadi yao haijaafikiwa. Wako wanaosema 20,000, na wako wanaosema 200,000 na zaidi, kwa sababu nyaraka nyingi za jeshi zilichomwa moto Japani iliposalimu amri mwaka 1945. Waliojitokeza Korea Kusini na kuandikishwa rasmi na serikali hawakupindukia mia mbili na arubaini au karibu na hapo. Wengine wote ama walikufa huko huko, ama walirudi wakanyamaza.

Ukimya huo uliodumu karibu nusu karne ulivunjwa na mwanamke mmoja. Tarehe 14 Agosti 1991 Kim Hak-sun alikaa mbele ya waandishi wa habari jijini Seoul akasema, kwa jina lake na kwa uso wake, aliyotendewa akiwa na miaka kumi na saba. Kuanzia tarehe 8 Januari 1992 wanawake hao na wenye kuwaunga mkono wakawa wanasimama kila Jumatano mbele ya ubalozi wa Japani. Tarehe 4 Agosti 1993 serikali ya Japani, kwa kauli iliyotolewa na Yohei Kono, ilikiri kuwa jeshi lilihusika na kwamba wengi walichukuliwa bila ya hiari yao. Si bahati nasibu basi kwamba Cho ameuweka wakati wa pili wa kisa chake katika mwaka 1991. Ndio mwaka ambao waliokuwa hai walianza kusema, na katika filamu ndio mwaka ambao wafu nao wanapata kinywa.

Kabla ya kuingia katika fani, kuna suala la neno, na wapenzi wa lugha hawawezi kulipita. Jeshi la Japani liliwaita wanawake hao ianfu, ambalo kwa Kiswahili limezoeleka kuwa ni "wanawake wa faraja". Katika Kiswahili faraja ni neno tukufu. Ni kitu kinachomjia mwenye dhiki baada ya kusubiri. Huombewa mfiwa na mgonjwa. Katika msamiati wa jeshi lile mwenye dhiki alikuwa ni askari, na binti wa miaka kumi na minne akawa ndiyo dawa yake. Neno limemgeuza mwenye kudhulumiwa kuwa mwenye kutoa hisani. Ndiyo maana ripoti iliyopelekwa Umoja wa Mataifa na Radhika Coomaraswamy mwaka 1996 ilisisitiza kwamba jina stahiki ni utumwa wa ngono wa kijeshi. Watu wa visiwani wanaijua hila ya lugha ya namna hii. Amri ya mwaka 1897 iliyovunja hadhi ya utumwa Unguja iliwaacha nje masuria, kwa hoja kwamba wao walihesabiwa mithili ya wake, na haikuwafikia hadi mwaka 1909. Jina zuri laweza kuwa kufuli. Filamu ya Cho haihutubii juu ya jambo hilo, lakini kichwa chake kinajibu: mabinti hawa wanaitwa roho zinazotafuta njia ya kwao, na jina la faraja halimo.

Asili ya filamu ni mchoro. Mwaka 2002 Cho, aliyekuwa na ujuzi wa kupiga ngoma ya pansori, alikwenda kujitolea katika Nanum-ui Jip, nyumba ya kuwatunza wanawake hao iliyoko Gwangju katika mkoa wa Gyeonggi. Huko aliuona mchoro wa Kang Il-chul, mmoja wa manusura, ambao unaonyesha mabinti wakiteketezwa motoni. Kang Il-chul alipelekwa Mudanjiang, akaugua homa kali, akachukuliwa kwenda kuchomwa pamoja na wagonjwa wengine, na akaokoka. Wanawake wa nyumba ile walianza kuchora uzeeni, wengi wao bila ya kuwahi kushika brashi kabla. Kang Duk-kyung na Kim Soon-duk nao wameacha michoro ambayo imekuwa ushahidi usiopungua nguvu ya maneno. Ilimchukua Cho miaka kumi na minne kuufikisha mchoro ule kwenye pazia la senema. Wenye mitaji hawakuikubali kazi, na hatimaye zaidi ya watu 75,000 wakaichangia, michango yao ikawa karibu nusu ya gharama.

Kifani, nguvu ya Gwihyang imo katika vitu vidogo. Mama wa Jung-min anampa binti yake pambo dogo la kitambaa, goebul norigae, ambalo kwa Wakorea ni kinga dhidi ya mabaya. Mtu wa pwani akiliona hatasita kuliita hirizi. Hirizi hiyo haimkingi binti na lolote, na hapo ndipo ilipo kejeli yake. Lakini ndiyo inayovuka miaka na kuziunganisha nyakati mbili za kisa. Kilichoshindwa kumlinda aliye hai kinakuwa ndicho kinachomtambulisha akiwa mfu. Vipepeo nao, ambao tangu hapo ni alama ya harakati za wanawake hawa, wametumiwa kuwa taswira ya roho zinazoruka mipaka bila ya ruhusa ya mtu. Taswira hii ya pili ni nyepesi kuliko ya kwanza, na inarudiwa zaidi ya haja. Mshairi mzuri hujua kwamba kina kikilia mara nyingi mno huacha kusikika.

Jambo kubwa zaidi la kifani ni kuifanya ngoma ya kuita roho kuwa ndiyo mwili wa hadithi. Wakorea huiita gut. Ina ngoma, nguo za rangi, uimbaji, na mtu mmoja anayekubali kuwa chombo. Pwani ya Afrika Mashariki ina elimu yake ya mambo haya, na maneno yake: fundi, kiti, kupunga. Tofauti ipo na ni muhimu. Katika kupunga, mara nyingi pepo ni mgeni aliyempanda mtu, naye huulizwa jina lake na anachokitaka ili mgonjwa apate nafuu. Katika gut hii roho si mgeni. Ni mtoto wa nyumbani aliyepotea njia, na anayehitaji nafuu ni yeye pamoja na yule aliyemwacha nyuma. Bibi kizee hakuja kuponywa maradhi. Amekuja kumuomba radhi sahibu yake kwa kosa ambalo si kosa, la kuwa yeye alirudi na mwenzake hakurudi. Eun-kyung anapozungumza kwa sauti ya Jung-min, filamu inafikia kile ambacho hati za mahakama haziwezi kukifikia. Mahakama husikiliza waliobaki. Marthia humsemesha aliyekwenda.

Hata hivyo pana mahali ambapo kazi hii inajikwaa, na lazima pasemwe kwa sababu ndipo penye suala zito kuliko yote. Kuna picha moja maarufu ambamo kamera imepandishwa juu, ikitazama vyumba vile kama vile paa limeondolewa, na ikipita kutoka chumba hadi chumba. Mtazamaji anaona yote kwa pamoja. Yako maelezo ya kuitetea: kwamba ukubwa wa dhuluma hauonekani ukitazama chumba kimoja, na kwamba nyumba nzima ilikuwa ni mtambo. Utetezi huo una uzito. Lakini jicho lililo juu ni jicho lisiloguswa. Linaona kila kitu na halihatarishi chochote. Na katika matukio mengine ya vipigo na kunajisi, kamera inakaa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika ili mtazamaji aelewe. Binti aliyetazamwa na foleni ya askari anatazamwa tena na ukumbi mzima. Nia ni tofauti kabisa, ila mwili unaotazamwa ni ule ule.

Linganisha na Nungil, kazi ya Lee Na-jeong iliyoandikwa na Yoo Bo-ra, ambayo ilionyeshwa kwanza katika televisheni mwaka 2015 na ikaingia kwenye majumba ya senema tarehe 1 Machi 2017. Humo pia wamo mabinti wawili, mmoja maskini na mwingine wa nyumba yenye nafasi. Nungil imekataa kuonyesha tendo lenyewe. Inaonyesha mlango, foleni, na macho ya binti asubuhi inayofuata. Msomaji wa tenzi anaijua njia hii ya kulifunika jambo ili lizidi kuonekana. Mafumbo hayatumiwi kwa woga peke yake. Hutumiwa pia kwa heshima. Au tazama filamu tatu za hali halisi za Byun Young-joo, za miaka 1995, 1997 na 1999, ambamo hakuna uigizaji wa dhuluma hata kidogo. Wamo wazee wanaolima, wanaocheka, wanaogombana na kuimba. Katika ile ya pili Kang Duk-kyung, akijua kwamba maradhi yatamuua, anataka mwenyewe apigwe picha. Pale kamera haichukui, inapewa. Cho mwenyewe huenda aliuhisi upungufu huu, kwani kazi yake iliyofuatia mwaka 2017 iliziweka sauti za manusura wenyewe kando ya picha za kuigiza.

Kasoro ya pili ni ya maudhui. Katika Gwihyang askari wanafika mlangoni na kumchukua mtoto. Mambo ya namna hiyo yalitokea. Lakini ushahidi mwingi wa wanawake wa Kikorea unasimulia njia nyingine: dalali aliyeahidi kazi ya kiwandani, jirani aliyesema kuna shule, pesa zilizotolewa mbele kwa familia yenye njaa. Madalali hao wengine walikuwa Wakorea. Ukoloni haukuwahi kufanya kazi bila ya mikono ya wenyeji, na kulisema hilo hakupunguzi hatia ya jeshi lililojenga vituo, likavilinda na kuvipangia zamu. Filamu imeuondoa utata huo ili huzuni iwe safi. Vivyo hivyo binti wake wote ni watoto wasio na doa, kana kwamba aliyekuwa na miaka ishirini na mitano, au aliyekwisha kuolewa, asingestahili machozi yale yale. Huzuni ya taifa hupenda sana mwanamwali. Haki haimuulizi mtu kama alikuwa mwanamwali.

Kasoro ya tatu inamhusu Eun-kyung. Yeye naye amedhulumiwa, tena katika zama za amani na na mtu wa nchi yake. Muongozaji alikuwa na nafasi adimu ya kuonyesha kwamba dhuluma hii haina uraia. Ameianza njia hiyo kisha akaiacha. Mara binti anapokuwa kiti, jeraha lake mwenyewe halizungumzwi tena. Anakuwa mlango wa wengine kupita. Ngoma inapokwisha, roho ya Jung-min imefika kwao, bibi kizee ametua mzigo, na Eun-kyung hajaulizwa na mtu yeyote yeye amekuwaje. Ni kama shairi la majibizano ambalo mmoja wa waimbaji amenyamazishwa katikati na hadhira haikutambua.

Pamoja na hayo, lipo tukio moja ambalo lingetosha kuihifadhi filamu hii hata kama mengine yote yangesahauliwa. Bibi kizee amekwenda kwenye ofisi ya serikali kujiandikisha. Anasitasita, anakaribia meza, anarudi nyuma. Mfanyakazi mmoja anasema kwa mzaha kwamba labda mwenye wazimu tu ndiye atakayekuja kujitangazia jambo kama lile. Bibi anageuka na kusema kuwa mwenye wazimu huyo ni yeye. Hakuna damu, hakuna askari, hakuna kipepeo. Kuna meza, karatasi, na mwanamke anayelichukua tusi na kulivaa kama nguo yake. Son Sook anaigiza hapo kwa sauti inayopasuka bila ya kupandishwa. Ukimya wa miaka hamsini unaelezwa wote kwa sentensi moja, na mtazamaji anaelewa kuwa waliobaki kimya hawakuwanyamazia Wajapani peke yao. Waliwanyamazia majirani zao.

Kwa wasomaji wa mwambao kisa hiki hakiko mbali kama ramani inavyodai. Mwaka 1944 askari wa Kiafrika wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambao lugha yao ya kambini ilikuwa Kiswahili, walipigana na jeshi hilo hilo katika bonde la Kabaw, Burma, na kuufikia mto Chindwin. Mwezi Agosti wa mwaka huo huo, kaskazini mwa nchi hiyo, Wamarekani waliwahoji wanawake ishirini wa Kikorea waliopatikana baada ya mji wa Myitkyina kutekwa. Burma iliingia katika masimulizi ya Kiswahili kwa hadithi za mvua, matope na mizinga. Wanawake hawa hawakuingia. Na Unguja inajua pia kwamba wimbo waweza kubeba ushahidi pale vyombo vya sheria vinapouangusha: Siti binti Saad, kwa wimbo wake wa Kijiti, alilihifadhi jina la muuaji wa mwanamke mgeni baada ya muuaji huyo kukwepa hukumu. Sanaa haimfufui aliyeuawa wala haimfungi aliyeua. Inazuia kitu kimoja tu, nacho ni kusemwa kwamba halikutokea.

Ndiyo sababu wakati wa kutoka kwa Gwihyang ulikuwa na uzito. Tarehe 28 Desemba 2015 serikali za Korea Kusini na Japani zilitangaza mapatano, Japani ikatoa yen bilioni moja, na suala likatajwa kuwa limekwisha moja kwa moja. Wengi wa wanawake wenyewe walisema hawakushauriwa. Miezi miwili haikutimia, filamu ikaingia kwenye majumba ya senema, na zaidi ya watu milioni tatu na nusu wakaiona. Mfuko ulioundwa kwa fedha zile ulitangazwa kuvunjwa mwaka 2018. Mapatano ya serikali yalikuwa na hesabu, muhuri na tarehe. Kitu ambacho hayakuwa nacho ni wafu, na deni la wafu halilipiki kwa hundi.

Filamu inamalizika kwa Jung-min kufika kwao. Mama na baba wapo, chakula kipo. Haoni ajabu mtu kwamba katoka Manchuria kwa miguu ya roho. Anakaribishwa kama mtoto aliyechelewa kurudi kisimani. Kisha yanafuata majina ya waliochangia, maelfu kwa maelfu, yakipanda polepole kwenye pazia kwa takriban dakika kumi, pamoja na michoro ya wazee. Mhakiki mkali atasema kuwa hiyo si sanaa, ni daftari la michango. Lakini kwa watu ambao majina yao yalichomwa moto pamoja na nyaraka, ambao kambini waliitwa kwa majina ya Kijapani na nyumbani hawakuweza kuitwa kwa yale yaliyowapata, pana maana katika kuonyeshwa majina elfu sabini na tano yaliyokubali kuandikwa karibu nao. Katika mazishi ya pwani hauulizwi ufasaha wa kila aliyekuja. Huulizwa nani alihudhuria.

Gwihyang basi si filamu timilifu. Imeonyesha mengi palipostahili kufunikwa, imerahisisha palipokuwa na utata, na imemsahau mmoja wa mabinti wake. Ikipimwa kama tamthilia, ina mashairi yaliyopungua mizani. Ikipimwa kama marthia, imetimiza sharti kuu la marthia: imewataja, imewalilia, na imewaita kwao. Wanawake waliojitokeza baada ya Kim Hak-sun wamebaki wachache sana, na siku haiko mbali ambapo hapatakuwa na shahidi aliye hai. Siku hiyo ikifika, kazi kama hii ndiyo itakayoulizwa, na itajibu kwa upungufu wake wote.